Mama Kimya na Neno la Kwenye Ripoti

Pale kwa dobi, mpiga pasi aliitwa Mama Kimya, jina alilokuja nalo toka utotoni kama kovu la goti. Chumba chake kilikuwa cha nyuma, chenye dirisha moja linalotazama ukuta, meza ndefu iliyovishwa blanketi kuukuu, na pasi mbili, moja ya kazi na moja ya akiba ambayo haikuaminika. Na watu alikuwa haongei sana, ila na nguo aliongea. "Wewe kola, leo umeamua kunitesa. Haya, geuka." Wateja waliosubiri kaunta walidhani huko nyuma kuna watu wawili wanagombana.

Mwenzake alikuwa mfuaji, mzee ambaye wote walimwita Babu Povu. Kazi iliyowakutanisha ilikuwa moja tu, kukunja mashuka ya nyumba ya wageni. Shuka kubwa huwezi kulikunja peke yako. Litaburuzika sakafuni, ulifue upya. Basi kila siku saa nane Babu Povu aliingia akifuta mikono, akashika ncha mbili, Mama Kimya akashika mbili, wakavuta, wakakung'uta, wakakutana katikati, wakaachana, wakakutana tena. Mashuka arobaini bila neno. Miaka saba.

Sasa Ijumaa moja binti wa pekee wa Mama Kimya, Kadogo, wa darasa la sita, alirudi na ripoti ya shule. Hesabu vizuri, sayansi vizuri, usafi vizuri sana. Chini kabisa mwalimu wa darasa alikuwa ameandika mstari wa Kiingereza, na neno lake la mwisho lilikuwa loner. Chini ya mstari huo palikuwa na kisanduku kitupu: Maoni ya mzazi. Irudishwe Jumatatu.

"Kadogo, hili neno ni nini?"

"Sijui, Mama."

Alijua. Mama aliona kwamba anajua, maana alikuwa anafungua kamba za kiatu alichokwisha kukivua.

"Mwalimu amesema ripoti zinakaa kwenye faili," Kadogo akaongeza, macho kwenye kiatu. "Tukienda sekondari, faili linatangulia."

Hilo ndilo lililomnyima Mama Kimya usingizi. Yeye alijua jina linavyotangulia. Alikuwa na miaka minane walipoanza kumwita Kimya, na tangu hapo kila chumba alichoingia alikuta jina limeshakalia kiti, yeye amebaki amesimama. Na sasa mwanawe naye anaandikiwa lake, tena kwa wino.

Jumamosi akaenda na ripoti kazini. Akamwuliza dada wa kaunta, aliyefika kidato cha nne na kutazama filamu kupita kiasi.

"Loner? Jamani! Si wale wa kwenye muvi! Anakaa chumba cha juu, mapazia hayafunguliwi. Polisi wakija, majirani wanasema, 'Mbona alikuwa mpole tu, hana makuu, salamu anaitikia.' Halafu kwenye friji mnakuta mkono."

"Mkono wa nani?"

"Wa jirani!"

Mama Kimya akarudi nyuma akaunguza shati la mteja, la kwanza tangu aajiriwe.

Saa nane, ncha za shuka mkononi, akamwuliza Babu Povu.

"Kiingereza changu mimi ni cha kwenye pakiti za sabuni," mzee akasema. "Lakini kama ni mtu wa kukaa peke yake, basi na mimi nimo. Tena uniwekee nafasi, maana na wewe umo."

Shuka lile likakunjika upande.

"Unaona?" akasema Babu Povu. "Maneno yanaharibu kazi."

Jumapili Kadogo mwenyewe akaenda kuazima kamusi kwa jirani. "Mama, acha kuzunguka mji mzima. Kaa hapa nikusomee." Akapeleka kidole chini ya mistari. "Mtu apendaye kukaa au kufanya mambo yake peke yake. Halafu wametoa mfano. Alikuwa loner tangu utotoni, wala hakuna aliyejua anakoishi."

"Nani huyo?"

"Hakuna mtu, Mama. Ni mfano."

"Mfano wa mtu. Hana hata shangazi? Kwani mkate alikuwa ananunua wapi? Wangemwuliza muuza mkate."

"Imeishia hapo."

"Basi wameandika kwa haraka."

Kadogo akacheka, kisha kicheko kikamwisha. "Mama, mimi siwachukii wenzangu. Wanaongea wote kwa pamoja. Mpaka nipate la kusema, wameshahamia jambo jingine. Basi nakaa kwenye ngazi za maktaba. Pale pana kivuli."

"Kuna anayekuonea?"

"Hapana."

"Huwa unalia?"

"Nililia siku ya ripoti tu."

Mama Kimya alifunga kamusi. Alisimama, akavua shuka la kitandani ambalo wala halikuwa chafu, akamrushia mwanawe ncha mbili. Wakavuta, wakakung'uta, wakakutana. Mtoto alikuwa akifanya hivyo tangu ana miaka minne, lakini leo mama alimtazama mikono. Haikuharakisha, haikuchelewa. Ilikuwa inamsikiliza aliye upande wa pili. Akaweka shuka chini, akatafuta kalamu.

Jumatatu alikwenda shuleni mwenyewe pamoja na Kadogo, amebeba mapazia ya ofisi ya walimu ambayo hata hivyo yalitakiwa kurudishwa. Mwalimu wa darasa, dada kijana mwenye chaki kwenye mkono wa blauzi, akasoma kisanduku kwa sauti.

"'Binti yangu anaweza kukunja shuka na mtu yeyote.'" Akainua macho. "Mama, hapa tunaandika maendeleo ya mtoto."

"Ndiyo hayo, mwalimu."

Alitaka kueleza, lakini maneno yakamgomea kama kawaida yao. Basi akafanya jambo lililomwuma. Akalichukua pazia alilolipiga pasi nusu siku, akalikunjua lote, akampa Kadogo ncha mbili na mwalimu mbili.

Mwalimu akacheka, ila akashika. Akavuta kwa nguvu, akakunja kinyume, ncha moja ikamponyoka ikaanguka. Kadogo hakucheka wala hakumwelekeza. Alisimama na zake juu, akingoja. Mwalimu alipoiokota, mtoto akabadilisha mikono yake ifuate ule ukunjaji wa kinyume. Pazia la pili likanyooka. La tatu, mwalimu alikuwa ameacha kuongea.

"Kumbe," akasema, akaketi. "Mama, sikuliandika kwa ubaya. Na ni kweli."

"Ni kweli," Mama Kimya akakubali. "Ila umeliandika likakaa peke yake."

Mwalimu akaivuta karatasi karibu. Hakulifuta lile neno. Akashika kalamu, akaandika mstari mwingine mbele ya neno hilo, akamruhusu Kadogo kumsindikiza mama yake hadi getini.

"Kaandika nini?"

"Kaandika kwamba nasubiri wenzangu. Na kwamba ukinipa ncha, siiachi."

Mama Kimya akatembea hatua kadhaa, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

"Na yule wa kwenye kamusi, je?"

Kadogo akafikiri. "Labda naye alikuwa na mama, ila mstari uliisha."

Mama Kimya akacheka kwa sauti pale pale barabarani, mpaka mlinzi wa geti akatoka kibandani kuangalia ni nani.