Mtani Alipogusa Kompyuta ya Baba

Kwetu mtani hakasirikiwi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angekuwa mwizi ningempigia yowe. Angekuwa ndugu ningemnunia mwaka mzima. Lakini yeye ni Mgogo na mimi ni Mnyamwezi, na anachofanya mtani msibani unakipokea huku unacheka.

Baba yangu alifanya kazi reli, akastaafu, akajenga Tura karibu na stesheni kwa sababu, alisema, bila honi ya treni usingizi hauji. Uzeeni akapata kazi ya kutunza ghala la mradi mmoja wa nyuki. Mradi ulipofunga virago, wakamwachia kompyuta ya kupakata. Mimi ni fundi kompyuta Tabora mjini, basi kila nikienda kumsalimia, hata marahaba hajaimaliza, ananiletea mashine nimpangusie vumbi.

Ndani ya mashine ile alikuwamo mama. Alifariki nikiwa mdogo; sura yake naiona kwenye picha, sauti yake sina. Baba alikuwa amemrekodi kwenye kaseti akipepeta karanga huku anaimba wimbo wa kanisani kwa Kinyamwezi. Katikati anaukatiza wimbo kufukuza kuku, halafu ananiita mimi. Kaseti hiyo baba aliihamishia kwenye kompyuta, na baadaye redio ikaitafuna. Nilimwomba nakala.

"Weee! Uchomeke flashi yako humu, kesho mama yenu anaimba kwenye magrupu ya simu? Nikifa mtachukua."

Basi nikawa nasikilizia pale pale sebuleni, naye amekaa pembeni ananilinda. Alikuwa mbishi, Mungu amrehemu.

Siku moja nilichungulia mashine ile imefungwaje. Kompyuta za siku hizi, kabla hazijawaka, hukagua muhuri wa kidijitali wa kila programu inayotaka kuwashwa. Orodha ya mihuri inayokubalika haikai kwenye diski, inakaa kwenye chipu ndani ya mashine. Mfumo endeshi wa mashine ya baba ulikuwa unaionyesha chipu hiyo kwenye folda, faili moja moja, utadhani ni picha za harusi. Muhuri wa mwenye mashine una faili yake, mihuri inayoruhusiwa faili yake, iliyopigwa marufuku faili yake. Kusoma unasoma upendavyo. Kuandika ndiyo kazi: mfumo unazikinga faili hizo usije ukazifuta kwa bahati mbaya, na chipu yenyewe haipokei badiliko lisilo na sahihi ya mwenyewe.

Na mwenyewe, nilisoma kwa macho yangu, alikuwa bado ni ule mradi. Mafundi wao waliweka mihuri yao, na diski wakaifunga hivi: ufunguo unatoka wenyewe iwapo mihuri iko vilevile kama walivyoiacha. Ikibadilika, mashine inaomba neno la akiba. Baba neno hilo hakuwahi kupewa, na mradi haukuwapo tena wa kuuliza. Nikamwambia asiruhusu mtu kugusa mipangilio.

"Nani ataigusa?" akasema.

Aliigusa mtani. Ni Mgogo niliyesoma naye ufundi, ana kibanda cha simu mjini. Siku ya kumzika baba alifanya utani wake vizuri, sitamnyima sifa yake. Alivaa kofia ya reli ya marehemu, akatembea kwa mwendo wake wa kuchechemea, akashuka kaburini akalala, akagoma kutoka mpaka eti mzee amrudishie ugali wa Wagogo aliokula akipita na treni. Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi. Na mimi nilicheka, jamani.

Kisha akaingia ndani ya nyumba akatoka na kompyuta, akaketi nayo mkekani. "Mnyamwezi huyu bahili, hata mashine yake inalindwa na wageni! Leo namkomboa." Alipoiwasha alibonyeza kitufe cha kuingilia kwenye mipangilio, mlango huo mradi haukuuwekea pasiwedi, na ukipitia hapo huulizwi sahihi ya mtu. Mimi nilikuwa nimeshikwa mikono na shangazi, namwona kwa mbali, nadhani anaigiza tu. Akanyanyua mashine juu. "Mihuri yao nimefuta, nimerudisha ya kiwandani. Mzee yuko huru!" Makofi. Wajomba wakaikomboa kompyuta kwa jogoo, naye akaondoka na jogoo wake kwapani.

Matanga yalipoisha niliiwasha. Ikakataa: programu ya kuwashia ilikuwa na muhuri wa mradi, na sasa muhuri huo hautambuliki. Nikazima ukaguzi kabisa. Ikawaka, ikafika kwenye diski, ikaomba neno la akiba. Nikawasha ukaguzi tena, nikaiwasha mashine kwa mfumo wangu wa kwenye flashi, nikafungua ile folda. Faili zote zipo, zimejipanga, zinasomeka. Jina la mradi halipo popote. Na ile faili ndogo inayosema kama kinga ya mihuri imewashwa, ilikuwa inasema ndiyo, imewashwa. Nilitamani niitupe relini.

Sikumwambia. Utamwambiaje mtani kwamba utani wake umekuumiza? Utaambiwa una roho ndogo. Tukikutana mjini ananiita mjane wa nyuki, nami namwita mla panya, watu wanacheka, nafika nyumbani roho inauma.

Mwaka huu mama yake akafariki. Nikapanda basi hadi kwao, maana mtani haendewi na mtu mwingine kwa niaba yako. Nilimkuta nje amekaa, simu sikioni, anasikiliza ujumbe wa sauti wa mama yake. Waliponiona Wagogo wakashangilia: "Mnyamwezi kafika! Fanya kazi yako!" Naye, ndivyo desturi inavyotaka, akaitupa simu mkekani mbele yangu, akacheka na macho mekundu.

Nikaiokota. Haikuwa imejifunga. Sauti za mama yake zilikuwa zimejipanga pale, moja chini ya nyingine. Ningegusa kidogo tu, wote wangepiga makofi, na yeye angelazimika kucheka. Nilitaka. Nasema ukweli, nilitaka sana.

Nikamrudishia. "Nakili leo hii," nikamwambia, "uweke mahali pawili."

Watu wakaguna. Mama mmoja akasema, "Huyu Mnyamwezi gani, hata utani hajui?"

Mtani alikuwa ananitazama. "Ile kompyuta ya mzee," akasema polepole, "ilikuwa na nini?"

"Mama yangu."

"Ukaifungua?"

"Haifunguki. Tangu siku ile."

Uso ukamshuka, akaanza kulia kwa sauti. Watu wakamshika mabega, wakidhani anamlilia mama yake, nami nikawaacha wadhani hivyo.