Mama Asiye na Kilo

Wewe unayenisikiliza, ukitaka kucheka, cheka sasa, kisha unyamaze mpaka nimalize. Jambo hili halikutokea usiku wala makaburini. Lilitokea hapa Kindu, saa tano ya mchana, jua likiwaka, mbele ya mstari mrefu wa kina mama.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji. Sisi wasichana wa shule ya masista tulitumwa likizoni kujifunza kazi katikati ya watu. Mimi nilipelekwa dispansari, siku za kupima watoto, chini ya mkunga aliyeitwa Mama Zaina. Mwisho wa mwezi yeye ndiye angewaandikia masista: huyu anafaa, au hafai.

Acha nikueleze kazi yenyewe. Mizani ya watoto ilikuwa imevunjika, tukatumia ya watu wazima. Mama anapanda na mtoto, unaandika kilo. Kisha unampokea mtoto, mama anapanda peke yake, unaandika tena. Toa ya pili kwenye ya kwanza. Kinachobaki ni mtoto. Rahisi, sivyo? Mtoto aliyekonda aliandikiwa kadi, na kwa kadi akapewa maziwa ya unga. Bila kilo hakuna kadi. Bila kadi hakuna maziwa.

Akapanda mwanamke mmoja kijana, mtoto amemfunga kifuani, hata halii. Nikasogeza chuma cha mizani. Kilo tatu na nusu. Mama na mtoto, pamoja!

"Shuka, mama. Mizani imeharibika. Rudi nyuma ya mustari."

Alishuka, akaenda nyuma. Mama mmoja mnene akapaza sauti: "Ee, mamzeli wa shule! Ndo kusoma huko? Sisi sokoni tunapima muhogo bila shule!" Wote wakacheka.

Kwa aibu nikapanda mwenyewe. Kilo arobaini na nane, kama jana. Nikampandisha yule mnene. Chuma kikakimbia mpaka mwisho, naye akashuka upesi. Mizani ilikuwa nzima. Basi nikamwita yule mama kijana. Alipanda. Tatu na nusu, vilevile.

Nikampokea mtoto. Mikono yangu ikahisi uzito wake na joto lake. Midomo ilikuwa imekauka. Nikarudisha chuma kwenye sifuri, nikatazama. Mama alikuwa amesimama juu ya mizani, na chuma hakikutingishika hata kidogo. Niamini.

Akaniambia polepole, kama mtu aliyechoka sana: "Dada, mi sina kilo tena. Andika za mutoto. Tangu juzi hajanyonya."

Niligeuka kumwita Mama Zaina. Nilipotazama tena, juu ya mizani hapakuwa na mtu. Mtoto bado nilikuwa naye, akitafuta titi kwenye kola ya gauni langu la shule.

Mama Zaina alinitazama, akamtazama mtoto. "Chemsha maji. Maziwa."

"Na kadi, mama?"

"Kadi utaiandika na mukono gani? Leta kijiko!"

Jioni akaja bibi mmoja kutoka ng'ambo ya mto Lualaba, analia, anamtafuta mjukuu wake wa miezi mitano. Binti yake walikuwa wamemzika juzi. Ndugu wa pande mbili walikuwa bado wanabishana nani amchukue mtoto, na bibi alikuwa akimnywesha maji ya mchele. Asubuhi aliinama kupuliza moto, akainuka, mkeka mtupu. Mpiga kasia aliyemleta aliapa kwamba siku ile hakuvusha mwanamke yeyote mwenye mtoto.

Mtoto alipona. Mama Zaina akaandika kwamba ninafaa. Lakini je, nilifaa? Watu huniuliza kama nilimwogopa mama yule. Hapana, nilimhurumia, na ninamhurumia hata leo. Kinachoniamsha usingizini ni neno langu mwenyewe. Mwanamke alitoka kaburini, akavuka Lualaba na mtoto mwenye njaa, nami nikamwambia arudi nyuma ya mstari. Tangu siku ile, kila ninapotaka kumwambia mama "ngoja", ulimi wangu unakuwa mzito.

Wewe unayeanza kazi, usikate tamaa; sote tunakosea tukijifunza. Ila ujihadhari na hili. Ukiletewa mtoto ambaye hata kulia hawezi tena, usimrudishe nyuma kwa sababu hesabu imekataa. Mpokee mikononi, mpe anywe, kisha ndipo uangalie mizani.