Safari ya Kwanza Ilikuwa Stafford

Ninayo siku moja kichwani, mwanangu, haijafifia hata baada ya miaka yote hii. Kazi ya kiangazi ilikuwa imekwisha. Miezi yote ile nilikuwa nafagia bustani ya michezo kule Grand Prairie, jua la Texas limenibabua shingo. Kazi ya ghala ilikuwa inaanza wiki inayofuata, kwa hivyo katikati nilibaki na wiki moja yangu mwenyewe. Miaka ile ya tisini, kwa kijana kama mimi, hiyo ilikuwa sikukuu.

Juma, kijana wa Nairobi niliyefagia naye, alikuwa ameshapata gari.

"Msee, tunaenda Grand Canyon, ile korongo kubwa ya jangwani. Nita-drive mimi, wewe shika chakula. Ama unataka kuambia watu wa kwenu uliona parking za Texas?"

Nikacheka, nikaenda kufungasha. Nilikuwa nalala sebuleni kwa Mzee Athmani, dereva wa teksi, mtu wa mtaa wetu Mombasa, aliyemjua marehemu babangu. Nilipovuta begi nyuma ya kochi, kikadondoka kifurushi kilichofungwa kwa leso. Harufu ya uwatu ikajaa nyumba.

Mzee akaweka kikombe chini. "Hicho cha nani?"

Nikamweleza. Jirani yetu Bi Khadija alinipa siku naondoka, nimpelekee binti yake Mwanaidi, aliyeolewa Stafford, kule Houston. Alikuwa na mimba ya kwanza. Ndani mlikuwa na vitu vya uzazi: uwatu, pilipili manga ya supu, mafuta ya nazi, udi, na leso za kumfunga tumbo akishajifungua.

"Anazaa lini?"

"Wamesema mwezi huu, ami. Nitampelekea nikirudi. Au nitatia posta."

"Posta!" Mzee alisimama. "Posta itamwambia mamake anaendeleaje? Uwatu Houston umejaa kwenye maduka ya Wahindi, we mtoto. Bi Khadija amekutuma wewe, ukamwone mwanawe kwa macho, na mwanawe akuulize. Mzigo ni wewe! Hilo shimo la Juma lipo tangu dunia iumbwe, halihami. Mimba haingoji mtu."

Nilinuna, sikufichi. Juma naye akanimalizia: "Houston? Kuna nini huko, joto?" Nikapanda basi nimekunja uso, kifurushi mapajani, mama aliyekaa kando yangu anapiga chafya njia nzima.

Mwanaidi alifungua mlango, tumbo limemtangulia. Kifurushi hata hakukifungua. Alikinusa, akakaa chini, akaanza kuniuliza habari za mamake.

"Umemwona lini? Mguu wake je?"

"Bado unamsumbua, lakini sokoni anakwenda mwenyewe, na hakuna muuza samaki ambaye hajagombana naye."

Alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akalia, kisha akauliza tena. Amenenepa au amekonda? Nani anamchotea maji? Bado anaimba akipika? Nilijibu mpaka koo likakauka.

Mtoto alizaliwa kabla wiki haijaisha. Supu ya kwanza aliipika jirani Mkongo, mama wa watu, mimi nimesimama mlangoni mwa jiko namwelekeza mambo ya uzazi niliyokuwa nayasikia kwa mama yangu. Alinicheka! Lakini alitia pilipili manga kama nilivyosema.

Mume wa Mwanaidi alikuwa dereva wa lori. Alinipenda kwa ile safari, baadaye akaniita nijifunze kazi kwake. Mimi shule niliishia darasa la tano, na malori unayoyaona uani kwangu hapa Haltom City hayakutoka kwenye kitabu. Yalitoka kwenye nyumba ile. Grand Canyon niliiona baadaye, na wanangu. Ni pazuri, sikatai.

Bi Khadija hakuwahi kufika Marekani. Alifariki kabla mjukuu hajaanza kutembea. Mwanaidi huniambia mpaka leo kwamba mara ya mwisho kumwona mamake ilikuwa siku ile, kwa mdomo wangu. Kila nikisikia hivyo namwombea rehema Mzee Athmani. Asingenifokea, ningepita na habari zile jangwani, nikazifikisha zimechelewa.

Basi mwanangu, umeniuliza uende wapi kazi yako ikiisha. Kabla hujafungua ramani, jiulize ni nani katika nchi hii ametoka kwenu na ana siku nyingi hajamwona mtu wa kwao. Anza na huyo. Usimpigie simu ukadhani umefika. Nenda, kaa, kula chakula chake, mjibu kila anachouliza, hata kama amekiuliza mara mbili. Zikibaki siku, tembea upendavyo.

Mungu akunyooshee njia, akupe wenyeji wenye mlango wazi, na kila utakapobisha hodi, aliye ndani ashukuru kwamba ni wewe.