Njia Ndefu ya Kwenda Lugulu

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, ingawa kama ingekuwa kwa hiari yangu ningekuwa nimeisahau zamani. Umeniuliza kati ya gari la mbio na pikipiki kubwa ni kipi kina utamu zaidi barabarani, na umeuliza macho yaking'aa, nami nikacheka kidogo. Usidhani nilikucheka wewe. Nilimcheka kijana mmoja wa Kitale aliyewahi kuuliza swali hilohilo, akalitafutia jibu kwa saa ambazo hazikuwa zake. Kijana huyo ni mimi.

Nilikuwa nimepita miaka thelathini, sijaoa, na mahindi yalikuwa yametukubali misimu kadhaa mfululizo. Baba yangu, Mzee Njuguna, alikuwa ameniachia shamba letu la karibu na Kiminini nilisimamie, kwa kuwa goti lake lilikuwa limekataa kazi. Nyumbani tulikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea magunia. Ilipiga kelele kama kinu cha posho, lakini haikuwahi kutuacha njiani. Mimi niliionea haya. Nilitaka chombo ambacho kikipita watu wanageuza shingo.

Mjini Kitale nilikuwa na rafiki, Jasbir, Kalasinga aliyekuwa na duka la vipuri pamoja na baba yake. Kaka yake alikuwa amehamia ng'ambo akaacha gari jekundu la milango miwili, limelala chini hata ungedhani linanusa lami. Jasbir mwenyewe alikuwa na pikipiki kubwa ya mbio, ambayo mkewe alikuwa ameikataza tangu siku ya harusi. Vyote viwili alitaka kuviuza, nami nilitaka kimoja.

"Usiharakishe, bana," aliniambia. "Leo chukua pikipiki, kesho chukua gari. Endesha, sikia roho yako inasema nini. Lakini jioni nataka kitu yangu hapa, na iwe mzima."

Siku ya kwanza nikachukua pikipiki. Nilishuka nayo hadi Kamukuywa, nikakata kulia kuelekea Kimilili, nikapita Chwele mpaka Bungoma, nikarudi kwa njia hiyohiyo. Sitakudanganya, mwanangu. Utamu wa mwendo ni kweli, na mzee anayemwambia kijana kwamba hakuna utamu pale amesahau ujana wake au anaficha. Kwenye kona unalala na pikipiki kama mtu anayemnong'oneza jirani, upepo unakuvuta shati, unasikia harufu ya miwa iliyokatwa, halafu ya mvua, halafu ya moshi wa jikoni kwa watu, zote kabla hujameza mate. Usiku huo kitandani nilizipitia kona zote upya. Nikajiambia, kesho gari nitalipitisha barabara ileile, kona zilezile, ndipo nijue.

Kesho yake nililichukua gari asubuhi, nikalileta nyumbani kwanza ili nijionyeshe kidogo. Nilikuwa nalifuta vumbi uani baba alipotoka nyumbani akiwa na simu mkononi, na kofia yake ya kanisani kichwani.

"Wekesa ananiita," alisema. "Amelazwa Lugulu, kwa hospitali ya misheni. Mkewe anasema nisikawie. Nitolee pikapu."

Hapa nikueleze Mzee Wekesa alikuwa nani, la sivyo hutaielewa aibu yangu. Alikuwa Mbukusu wa Misikhu. Yeye na baba walikutana wakiwa vijana, wakikamua ng'ombe katika shamba la mzungu mmoja, wakalala chumba kimoja na kula sufuria moja. Baadaye, mwaka ule wa fujo, nyumba za watu waliohamia kutoka katikati ya nchi kama sisi zilipochomwa, Wekesa alikuja kwa miguu akatuchukua, akatuficha jikoni kwa mkewe. Waliotutafuta wakafika mlangoni na mapanga. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kusikia kila neno. Aliwaambia humu ndani kuna mkewe na watoto wagonjwa tu, na kama wanataka kuingia waanze na yeye. Wakaenda. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na sisi hatukuwa na rafiki mwingine wa namna hiyo duniani.

Huyo ndiye aliyekuwa akimwita baba.

Sasa nisikilize. Pikapu ilikuwa pale, na mafuta ilikuwa nayo. Njia ya Lugulu ni ya moja kwa moja, unashuka Kamukuywa, unapita Misikhu, umefika. Nami nikatazama lile gari jekundu, nikafikiri kwamba jioni lazima nilirudishe, na nikimpeleka baba kwa pikapu sitakuwa nimelijaribu. Nikasema, "Baba, twende na hili. Litafika upesi zaidi."

Baba alilizunguka. "Hii gari ni ya chini sana," alisema. Lakini aliingia, akiinua mguu wake mbaya kwa mikono miwili kama mtu anayepakia gogo, akakaa magoti yakiwa karibu na kifua.

Tulipofika Kamukuywa nikakata kulia.

"Hii si njia ya Lugulu," baba akasema.

"Ile ya Misikhu imeharibika, baba. Mvua imeikata. Huku ni vizuri zaidi."

Hakuna mvua iliyokuwa imekata kitu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu mimi niliichagua kwa sababu ya urefu wake. Baba alinitazama mara moja, akatazama mbele. Alikuwa mtu wa kumwamini mtoto wake.

Na gari, mwanangu, lilikwenda. Kona ambazo jana nilizilalia, leo nilizikata nimeketi kama mfalme. Nilikuwa nikilinganisha moyoni: pikipiki ina upepo, gari lina nguvu, pikipiki inakutisha, gari linakubembeleza. Baba alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili. Sikumuuliza kama goti linamuuma. Nilikuwa nimemsahau kabisa, kama mtu anavyosahau mwavuli kwenye kiti.

Ilikuwa siku ya soko Chwele. Ng'ombe, pikapu za vitunguu, bodaboda zenye kuku wakining'inia, watu barabarani kama siafu. Ningekuwa na akili ningetambaa. Lakini kulikuwa na vijana wamesimama wakilitazama gari, nami nikakanyaga mafuta kidogo ili lingurume. Sikuliona tuta. Sehemu ya chini ya gari ikapiga kwa kishindo, tukaruka, na nilipotazama kioo cha nyuma niliona mstari mweusi wa oili ukitufuata. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa imepasuka. Nikasogea kando injini ikiwa inazima.

Hadi hapo ungeweza kunisamehe. Kuteleza si kuanguka. Lakini unajua nilichofanya? Nilishuka nikalala kifudifudi kutazama chini ya gari la Jasbir. Kisha nikampigia Jasbir simu. Kisha nikazunguka nikiuliza fundi. Baba alikuwa bado ndani, hawezi kutoka peke yake katika kiti kile cha chini, nami nilikuwa naongea na mtu wa kuchomelea vyuma kuhusu sampu. Mama mmoja muuza nyanya ndiye aliyemshika mkono akamtoa.

Baba akaja hadi nilipokuwa. Hakupandisha sauti.

"Lugulu ni wapi kutoka hapa?" aliuliza.

Nikanyoosha mkono upande tuliotoka.

Akatikisa kichwa taratibu, akageuka, akasimamisha bodaboda. Mzee wa miaka yake, goti lile, akapanda pikipiki ya kubebea magunia, amemshika dereva kiunoni. Nikasema, "Baba, ngoja fundi anakuja."

"Wewe kaa na gari yako," alisema. Wakaondoka.

Nilisimama pale nikiwaangalia wakipotea katikati ya ng'ombe, na hapo ndipo aibu iliponishika, kwanza masikioni, yakawaka moto. Nililiacha gari kwa yule wa kuchomelea, nikachukua bodaboda nyingine. Watu husema haraka haina baraka. Mimi siku nzima sikuwa na haraka ya kufika, na hilo ndilo kosa lenyewe. Ningekuwa na haraka kidogo tu, ningefika.

Nilimkuta baba katika uwanja wa hospitali, chini ya ukuta wa wadi ya wanaume, amesimama amevua kofia. Mbele yake ameketi Mama Nafula, mke wa Mzee Wekesa, kanga mabegani, na sikuhitaji kuambiwa.

"Ameenda sasa hivi tu," alikuwa akimwambia baba. "Mwili hata bado una joto. Tangu asubuhi alikuwa anasikiliza barabara. Gari ikipita anauliza, 'Si huyo ni Njuguna?' Tunamwambia bado. Ati alikuwa na neno la kukuambia wewe tu. Mimi nilimwambia aniachie, akakataa." Akapangusa uso. "Mlichelewa wapi, Baba Kariuki?"

Nami, Kariuki mwenyewe, nilisimama hatua chache nyuma ya baba, vumbi la Chwele likiwa usoni, nikingoja baba aseme. Nilistahili aseme.

"Barabara," baba alisema. "Barabara ya Misikhu imeharibika. Mvua imeikata."

Mama Nafula anaishi Misikhu, mwanangu. Kila siku alikuwa akija hospitali kwa barabara hiyo. Alimtazama baba, akanitazama mimi, akainamisha kichwa. "Haya," akasema. "Poleni na safari."

Mchuma janga hula na wa kwao. Janga nililichuma mimi, na baba yangu, mzee wa kanisa ambaye sikuwahi kumsikia akisema uongo, akalitia kinywani mwake akalitafuna mbele ya mjane.

Tulirudi nyumbani kwa gari la abiria. Tulifika kwenye lango letu. Hapo baba akasimama, akaegemea nguzo kupumzisha goti.

"Wekesa alisema uongo mara moja kwa ajili yetu," alisema. "Alisema mlangoni kwake, panga ziko nje. Leo mimi nimesema uongo kwa mke wake. Kwa ajili ya gari."

Akaingia ndani. Hakunikaripia tena, siku ile wala baadaye, na afadhali angenichapa. Sikuwahi kujua kama alinisamehe au alichoka tu.

Jasbir nilimtengenezea gari lake, na sikununua kitu chochote kwake. Si kwamba niligeuka mtakatifu. Miaka ya mbele niliwahi kumiliki pikipiki, ndogo, na nikaipenda. Lakini maziko ya Mzee Wekesa nilihudhuria nikiwa nyuma ya watu, nikatazama baba akiombwa azungumze juu ya rafiki yake, akasimama muda mrefu bila neno, akaketi.

Baba alipofariki nikaona siwezi kuacha uongo ule ubaki na jina lake. Nikaenda Misikhu. Mama Nafula alikuwa amezeeka, anaanika maharagwe kwenye turubai. Nikakaa chini, nikamweleza yote, gari, Chwele, kila kitu. Alikuwa akiendelea kuchambua mawe.

"Nilijua," alisema. "Watu wa soko si walimwona baba yako hapo, na gari nyekundu? Habari ilinifikia kabla hatujazika."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Ningesema, baba yako angekuwa mwongo. Huyo hakuwa mwongo." Akatupa jiwe kando. "Nilikuwa nakungoja wewe uje. Umekawia, mwanangu. Hata hapa umekawia."

Nilisogea karibu na turubai nikamsaidia kuchambua hadi maharagwe yakaisha. Aliponipa chai niliinywa, lakini sikuweza kumtazama usoni. Neno ambalo Mzee Wekesa alitaka kumwambia baba Mama Nafula hakulijua, na mimi sitalijua.

Basi nikujibu, kwa kuwa uliuliza kwa heshima. Kama ni utamu peke yake, chukua pikipiki. Lakini hilo si jibu unalohitaji. Shika hili: ukitaka kuonja mwendo, onja ukiwa peke yako, siku ambayo hakuna anayekungoja. Mtu akishaketi pembeni mwako, safari si yako tena, ni yake; wewe ni dereva tu, uwe na gari la mbio au mkokoteni wa punda. Pita njia inayomfikisha. Na ukikosea, kwa maana utakosea, sema mwenyewe na useme mapema, kabla mtu anayekupenda hajalazimika kukusemea uongo. Majuto ni mjukuu, huja mwisho, na huyu wangu amekua, anakula nami mezani kila siku.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona tuta kabla hujalifikia. Akupe watu wa kukungoja, maana asiye na wa kumngoja ni maskini, na akufikishe kwao wakingali hai.