Bado Matamu

Kila asubuhi, kabla ya chai, Bibi Grizel Pirrie hushuka mtoni na ndoo pamoja na koleo la makaa la marehemu mama yake. Siku hizi koleo hilo linaokota vitambaa vya kufutia watoto makalio. Watu huvitupa chooni, choo huvipeleka mtoni Arn, na Arn huvitundika kwenye mierebi. Mvua ikinyesha sana, mierebi yote ya kijiji chetu cha Balarn huwa imevaa. Kwa mbali utadhani nguo zimeanikwa. Ukikaribia, pua inakusahihisha.

"Hiki cha jana," ataniambia, akiinua kitu cha kijivu kinachochuruzika. "Kile kule cha juzi. Angalia rangi."

Mimi ni jirani yake, na kazi yangu ni maktaba ya kijiji. Kazi yangu mtoni ni kushika gunia na kubana pumzi.

"Pumua, wewe mtoto," husema. "Hii si harufu. Harufu nimeijua mimi."

Aliijua kweli. Ana miaka themanini na minne, na ishirini na mmoja kati ya hiyo aliitumia katika kiwanda cha ngozi kilichokuwa pale penye maegesho ya magari sasa. Aliingia akiwa na miaka kumi na mitano. Ngozi mbichi zilifika na mikia yake, na kiangazi zilifika na funza. Zililazwa kwenye chokaa mpaka manyoya yalegee, kisha Grizel na wenzake waliyakwangua kwa visu butu, pamoja na mafuta na vipande vya nyama vilivyokwisha kuoza. Kila kilichokwanguliwa kilisukumwa mtoni kwa ufagio. Yeye mwenyewe alikisukuma, wala hafichi.

Jumamosi alijisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi yake yeye ikachubuka, ndipo akaenda kucheza dansi ukumbini. Vijana walimwomba wacheze naye, na kabla wimbo haujafika katikati wanakumbuka kwamba wamesahau koti mahali fulani.

"Mmoja alisahau koti mwezi wa Julai, jua likiwaka," aliniambia. "Mwanamke anaweza kusamehewa sura, mwanangu. Harufu hasamehewi."

Hakuolewa. Kitu kimoja tu alikitaka maisha yake yote, nacho ni kikombe.

Kila Juni, siku ya sikukuu ya kijiji, mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote Balarn hupewa kikombe cha fedha chenye vishikio viwili. Hunywa maji ya Arn mbele ya watu, kisha husema maneno mawili: "Bado matamu." Hapo mpiga zumari ya mfuko huanza kupiga, na watu huzivamia pai za nyama ya kondoo. Maneno yasiposemwa, zumari hailii. Hakuna aliye hai aliyewahi kuona isilie.

Mzee Wattie Imrie, aliyekuwa na zamu ya kikombe, alifariki mwezi wa Februari, na aliyemfuata kwa umri ni Grizel. Grizel alilia mazishini, na alilia akiwa amevaa kofia mpya ya buluu aliyoinunua kwa ajili ya Juni.

Asubuhi moja nilimuuliza, tukiwa na gunia limejaa, anawezaje kuyatamani maji haya haya.

Akaketi juu ya jiwe. Akanisimulia habari za babu yake, Eben Pirrie, ambaye alikishika kikombe Grizel akiwa na miaka tisa. Mwenye kiwanda alikuwa amesimama kando ya mzee, akitabasamu. Siku hiyo Arn ilikuwa na rangi ya supu ya maini, na manyoya ya ng'ombe yalielea ukingoni. Eben akanywa mpaka tone la mwisho. "Bado matamu!" Watu wakashangilia. Baadaye Grizel alimkuta nyuma ya ukuta wa kanisa ameinama, anatapika, na unywele wa ng'ombe umenasa kwenye ndevu zake.

"Unajua aliniambia nini? 'Usimwambie bibi yako.' Basi. Wanawe watatu walikuwa wanakula kwa kiwanda kile. Angesema nini?" Akatema mate majini. "Lakini mpaka leo nikiukumbuka ule unywele, uji haushuki."

"Na bado unakitaka kikombe?"

"Nakitaka mpaka naona haya."

Siku mbili kabla ya sikukuu, Bwana Ninian Haldane, mwenyekiti wa kamati, aliniita jikoni kwenye ukumbi. Mimi ni katibu wake, kwa sababu wengine wote walikataa. Alikuwa anaonja jamu za mashindano kwa kidole, akikilamba na kukirudisha katika chupa nyingine. Nilitamani kuangalia pembeni.

"Chupa hii ya soda," akasema, "utaijaza hapa bombani. Utaifunika kwa taulo. Kabla hujampa Grizel kikombe, mimina."

"Maji ya bomba?"

"Miaka kumi na moja sasa, binti. Ulitaka tumuue mzee Wattie? Yeye alijua, na alisema ni matamu kuliko ya mto." Akacheka. "Grizel ana mdomo. Usimwambie. Watu wanakuja kupiga picha, hawaji kupima maji."

Majibu yangu mimi huja nikiwa nimeshafika nyumbani. Siku hiyo jibu lilinijia nikiwa ngazini, nikageuka nikaenda maktaba. Tunalo daftari la kanisa la zaidi ya miaka mia mbili, ambalo hakuna anayelisoma ila mimi na wadudu wa karatasi. Niliupata ukurasa niliokuwa nikiukumbuka, nikaunakili kwa mkono, nikambishia hodi Bibi Grizel.

Alivaa miwani akasoma kwa sauti. "'Mjane Janet Gow, mkubwa wa umri, alipoulizwa kama maji ni matamu, akajibu: La. Watu wakateka maji ya chemchemi ya mlimani. Wanaume wakapanda kufuata mto, wakakuta ng'ombe ameoza katika bwawa la kinu cha kusagia nafaka.'"

Akarudia neno moja. "'Alipoulizwa.' Kumbe lilikuwa swali."

"Ndiyo, bibi. Bahari ikipanda sana, chumvi ilifika mpaka hapa. Ilibidi mtu aonje."

"Na wakamchagua mzee kwa sababu akifa hasara ni ndogo!" Alicheka mpaka akakohoa. "Heshima gani hiyo! Miaka sabini na mitano nimengoja kuwa mbwa wa kuonja chakula cha mfalme."

Ndipo nikamwambia habari ya chupa. Kicheko kikamkauka usoni.

"Ya soda?"

"Ya soda, bibi."

"Hata jagi safi hawakunitafutia." Akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni. "Wewe fanya ulivyotumwa. Ijaze, uje nayo."

Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Asubuhi ya sikukuu jua lilitoka, na bomba la maji taka lililo upande wa juu wa mto, kupita daraja, lilikuwa limefunguka usiku kucha. Mierebi ilikuwa imevaa. Kamati ilikuwa imetundika bendera ndogo ndogo za karatasi kati ya matawi, na ilibidi uangalie vizuri ujue ipi ni bendera. Watoto walikuwa wanavuta kamba. Harufu ya pai na harufu ya mto zilikuja pamoja, puani hazikuachana.

Bibi Grizel alikuja na kofia ya buluu, na ndoo yake, na koleo. Nikainua chupa chini ya taulo. Akakifunika kikombe kwa kiganja.

"Si sasa," akaniambia.

Akatembea mpaka majini, akainama taratibu, akachota. Mkono wa koti lake ulilowa. Niliona ndani ya kikombe: maji ya kahawia, povu, na uzi mmoja wa kijivu ukizunguka. Bwana Haldane, amevaa kilti, ile sketi ya wanaume ya sikukuu, na soksi nyeupe, akamsogelea haraka na kipaza sauti.

"Grizel, mama, sema tu. Si lazima unywe."

"Ninyamazie, Ninian."

Akakileta kikombe puani. Akakaa hivyo kitambo, kama mtu anayemtambua ndugu. Kisha akasema karibu na kipaza sauti, bila kupaza:

"La. Si matamu. Yananuka mavi."

Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamziba mdomo.

"Babu yangu yalimnukia ngozi, akasema matamu, kwa sababu alikuwa na wa kulisha. Uchafu ule baadaye nilikuja kuusukuma mimi, kwa mikono hii. Mimi sina wa kulisha. Basi nimeulizwa, nimejibu."

Bwana Haldane alimpungia mkono mpiga zumari, Dod Rennie, ambaye mfuko alikuwa ameshaujaza upepo kwapani. "Piga, Dod!"

"Neno halijasemwa."

"Dod! Watu wana njaa!"

"Basi wale. Mimi sipigi." Akalegeza kiwiko, na mfuko ukatoa upepo wake kwa mguno mrefu kama wa ng'ombe mgonjwa. Hakuna aliyecheka. "Hilo bomba la maji taka liko wapi hasa, Grizel?"

Akamwonyesha kwa koleo. Dod akaweka zumari nyasini, akapanda kuufuata mto na viatu vyake vya kung'arishwa. Wawili watatu wakamfuata, kisha kundi. Wengine wakaenda kwenye pai, na Bwana Haldane akaenda nao, akieleza kitu ambacho hakuna aliyekisikiliza.

Bibi Grizel hakukimwaga kikombe mtoni. Alikimimina ndani ya ndoo, juu ya vitambaa, akakiweka kifudifudi mezani. Halafu akaninyooshea mikono.

"Sasa lete chupa yako."

Nikammiminia. Alisugua vidole kimoja kimoja, na makunyanzi, na chini ya kucha, kama mtu anayeondoka kwenda dansi. Akavinusa.

"Bado," akasema, akaninyooshea mikono tena.