Tulivyotoka Lindi kwa baiskeli moja hadi mapango ya Matumbi, tukala unga wa mizimu njiani

Wakuu, salaam aleikum, wakubwa kwa wadogo.

Nimesoma nyuzi zenu za road trip humu hadi macho yameuma. Mtu kalala hoteli yenye feni, eti kateseka! Leo tulieni mnisikilize mzee wenu, ninayeandika kwa kidole kimoja. Chumvi sitaongeza hata punje. Mkinikamata na uongo nipigeni ban.

Enzi hizo anatawala Mwingereza, mie kijana wa miaka ishirini hivi, fundi baiskeli pale Rasbura, Lindi. Rafiki yangu Athumani alikuwa anashona viatu kibaraza hichohicho. Yeye asili yao ni Wamatumbi wa kule milimani Kilwa, ila kazaliwa Lindi na Umatumbi hajawahi kuuona.

Baba yake, Mzee Mbonde, alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la mkonge upande wa Mingoyo. Vumbi la mkonge likamla kifua. Akawa anakohoa mpaka unamwonea huruma.

Sasa huyu mzee alizaliwa ndani ya pango. Msicheke! Vita ya Majimaji, watu wamejificha mapangoni wakimkimbia Mjerumani, mama yake akajifungua humohumo na kufariki. Baadaye mtoto akaletwa pwani na babu yake, na babu naye hakuishi sana.

Siku moja Mzee Mbonde akatuita.

"Wanangu, mimi sina siku nyingi. Kuna mwanamke alinipa ziwa mle pangoni, la sivyo nisingekuwepo. Simjui jina. Kila nikiinua mikono kuomba dua nakwama, nimwombee nani? Nendeni mkaniletee jina lake. Jina tu."

Basi, safari ikawa hiyo. Twende turudi kabla kifua hakijamaliza kazi yake.

Bajeti? Hakuna bajeti. Baiskeli moja, kuukuu, niliyoiunga mwenyewe kwa vipande vya baiskeli tatu. Mmoja anakanyaga, mwenzie yuko kwenye karia. Kwenye mlima wote tunashuka tunasukuma. Tulibeba mhogo mkavu, ng'onda wawili, wale samaki wa kukausha, kisufuria, na tochi.

Shangazi yake Athumani akatupa na kifurushi cha unga wa mtama, mweupe, umefungwa kwenye kitambaa cheusi. Akasema huu si wa kula, ni wa kutangulizwa mlangoni kwa wazee wa pango. Tukaitikia vizuri kabisa, ndiyo shangazi, tumesikia shangazi.

Wakuu, nchi ile ilikuwa nzuri jamani. Unatoka Mchinga, bahari inachungulia kulia kwako, halafu inapotea, unaingia misitu ambayo husikii mtu akikohoa kutwa nzima. Tulilala kwenye baraza za misikiti. Watu wakarimu ajabu, ukisema tu unatokea Lindi kwa baiskeli unaletewa maji ya kuoga.

Lakini njaa haina adabu. Tulipofika mto Mbwemkuru mhogo umekwisha, ng'onda tulishawasahau. Athumani akakitazama kile kifurushi. Mie nikakitazama.

"Mizimu haikanyagi baiskeli," akasema. "Tunaokanyaga ni sisi."

Tukasonga ugali. Nasema kweli, mpaka leo sijala ugali mtamu vile. Tukalamba hadi sufuria.

Siku ya sita tukafika milimani, kijiji chenye pango. Tukaelekezwa kwa mtunza pango. Mie nikidhani ni kibabu fulani, kumbe ni mama wa makamo, Bi Zuhura, yuko shambani anapalilia, jembe mkononi na ulimi mkali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unga uko wapi?"

Hata jina hajatuuliza! Tukaangaliana kama mbuzi. Athumani akajaribu kusema umemwagika mtoni. Bi Zuhura akamtazama tumbo, akanitazama mie tumbo.

"Mmekula."

Athumani akakitoa kile kitambaa cheusi, kitupu.

"Mmekula chakula cha wazee, halafu mnataka wawafungulie mlango. Haya, kesho alfajiri mje nyumbani kwangu, kinu kinawangoja."

Wakuu, tulitwanga. Alitupimia mtama, akatupa michi, tukatwanga tangu jua linachomoza hadi adhuhuri. Wanawake wa kijiji kizima walikuja kutazama. "Wanaume wa Lindi hao! Eee, mchi haushikwi kama mwizi wa kuku!" Mikono ilitoka malengelenge. Kisha ukachekechwa, chenga zikarudi kinuni, tukaanza upya. Nilimkasirikia mama yule nusura nilie.

Mchana akatupeleka. Tukavua viatu. Akasoma Fatiha, akamwaga unga pale mlangoni, akataja tumetoka wapi. (Masheikh wa humu msinirukie, nasimulia nilichokiona.)

Pango lenyewe sasa! Mdomo wake mkubwa unaweza kuingiza lori. Ndani mawe yananing'inia meupe, yanadondosha maji tone tone, baridi inakupanda miguuni. Ukimulika juu huoni mwisho. Nikajikuta nasema subhanallah peke yangu. Watu wa vijiji kadhaa walijificha humo miezi, wanapika kidogo kidogo moshi usionekane, na Mjerumani anapita juu ya vichwa vyao. Nilivua kofia kwa watu wale.

Athumani akaeleza alichotumwa. Bi Zuhura akamshika mkono ghafla.

"Baba yako ndiye mtoto wa pangoni? Yu hai?"

"Yu hai, mama, ila mgonjwa."

"Kaoa wapi?"

"Rutamba. Mama yangu ni Mmwera."

"Alhamdulillahi!" Akakaa chini kabisa juu ya jiwe. "Alhamdulillahi, Alhamdulillahi."

Tukashangaa. Ndipo akatueleza. Ziwa halikuwa moja. Wanawake waliokuwa na watoto wachanga walimpokezana yule yatima, kila mmoja akimpa kidogo, maana chakula hakipo na maziwa hayatoshi. Na watoto walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani. Kwa hiyo vita ilipokwisha wakayashika majina yao wote, wakawafundisha mabinti zao, ili siku mtoto yule akirudi kijijini kuposa asije akamwoa dada yake. Miaka hamsini hivi wanamngoja.

"Mama yangu ni mmoja wao," akasema. "Zimeni tochi."

Tukazima. Gizani akaanza kuyataja, akifuata ukuta, tangu pale alipokuwa akikaa mama wa kwanza hadi wa mwisho. Namtumbuka. Binti Ngwale. Somoe. Mwanjaa. Binti Kitunda. Mwanahawa. Nangai. Akatutajisha hadi tukashika. Athumani alikuwa analia wazi wazi, na mie sikuwa nyuma.

Tukarudi Lindi mbio, majina mdomoni kama watoto wa madrasa. Tulimkuta mzee hai, kalala, amekonda zaidi.

Athumani akapiga magoti akamtajia, moja moja. Mzee akaomba akalishwe. Akayarudia yote saba kwa sauti ile ya kifua kibovu, akihesabu kwa vidole. Bi Zuhura alikuwa ametuambia mmoja wao alikuja kubatizwa uzeeni akawa Mkristo, nasi tukamwambia. Akasema, "Huyo nitamwombea mara mbili, asije akasahaulika."

Halafu akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Maisha yangu yote najiita yatima. Yatima gani ana mama saba?"

Alifariki baada ya wiki chache, na kila swala hadi ya mwisho alikuwa anayataja.

Nilichojifunza, wakuu: tulikwenda kutafuta jina tukidhani sisi ndio wenye shida, kumbe wanawake wale walikuwa wamemtunzia mtoto wa mwenzao nafasi muda wote huo, bila karatasi wala karani. Na ukipewa unga wa watu, usile.

Haya, uwanja wenu. Aliyewahi kuingia mapango yale atuambie yakoje siku hizi. Na kama kuna mtu alikulea asiye mama yako, usiishie kubonyeza like tu. Andika jina lake hapo chini, tulisome.