Zizi kwenye Jalada la Santuri

Kaka yangu alitunga wimbo wa baba mwaka ule tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa. Aliupiga na bendi yake mjini Tabora, na watu waliokuwa wanacheza wakaacha kucheza, wakasimama tu. Baba tulikuwa tumemzika ndani ya zizi, kwenye makazi yetu ya zamani upande wa Ziba, kama walivyozikwa wakubwa wa kaya zenye ng'ombe. Kaburi la namna hiyo halina alama. Ng'ombe hulikanyaga mpaka linakuwa sawa na ardhi, na zizi lenyewe ndilo linalokuonyesha mwenye nyumba alipo. Kiitikio cha kaka kilikuwa maneno machache: tembeeni polepole, mzee amelala.

Wimbo ulipokubaliwa kutolewa kwenye santuri, bendi ikanipa mimi kazi ya kuchora jalada. Nilikuwa nimemaliza chuo, nangoja kupangiwa kazi. Niliambiwa nitumie rangi mbili tu. Usingizi ukanipaa. Nikichora ng'ombe peke yao, watu watadhani ni wimbo wa mifugo. Nikimchora kaka na gitaa lake, nitakuwa nimemwacha baba. Mwishowe nikachora kaburi la saruji katikati ya zizi, ili mnunuzi wa Dar es Salaam aelewe.

Mama akaja mjini kwa lori la pamba. Nilimwamkia shikamoo, na hata hajaketi nikamwonyesha.

"Marahaba. Nani huyu kalala humu?"

"Baba, mama."

"Baba yako saruji kajengewa na nani? Na ng'ombe wapite wapi?"

Kaka akacheka. "Mama, mwache msomi wetu. Chuoni wamemfundisha kuzika."

Mama hakucheka. "Chora zizi lilivyokuwa. Uonyeshe na mahali pake. Mimi nikifa nani atapajua? Yuko kushoto ukiingia, karibu na lango."

"Kulia, mama," kaka alisema. "Mimi nilichimba."

"Ulichimba huku unalia. Ungeona nini?"

Tukaenda kuangalia, sote watatu.

Nyumba zilikuwa zimeanguka. Nguzo za zizi zilikuwa zimegeuzwa kuni, na shamba la pamba la kijiji lilikuwa limepita juu ya kila kitu. Nilitaka kusema turudi. Lakini kaka akanishika mkono, akaonyesha. Katikati ya shamba palikuwa na duara ambamo pamba ilikuwa ndefu kuliko kwingine kote, majani yake yamekolea hadi kukaribia weusi. Ilikuwa samadi ya ng'ombe wa baba. Zizi lilikuwa pale pale.

Lango hatukulipata, na bila lango hakuna kushoto wala kulia. Mama aliingia ndani ya pamba, akasimama. "Hapa." Akasogea. "Hapana. Hapa." Kaka aliacha kubishana. Mama alizunguka mpaka khanga yake ikajaa vipande vya majani, kisha akavua viatu, akawa anatembea polepole sana, kama mtu anayepita chumba cha aliyelala. Kaka na mimi tulivua vyetu, tukabaki nje ya duara. Sikujua kama tunaruhusiwa kuingia, wala kama kutoingia ndiko kungemuumiza zaidi.

Njiani kurudi mama alisema neno moja tu: "Nilidhani miguu yangu itapajua."

Basi nikachora duara jeusi juu ya rangi ya udongo, na alama za kwato zinazoingia. Ndani ya duara sikuweka kitu. Mkuu wa bendi aliuliza kama nimemaliza.

Santuri ilipotoka tulimpelekea mama kijijini. Hakuwa na gramafoni. Alilichukua jalada, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga, akalitazama.

"Umemweka wapi?"

Nilikuwa nimeandaa majibu mengi, tangu siku nilipoipeleka ile picha. Kabla sijachagua moja, akabonyeza ukucha wa kidole gumba ndani ya ule weusi, kwa nguvu, mpaka karatasi ikabaki na kishimo.

"Haya. Awe hapa," alisema, akampa kaka naye apaguse.

Majalada mengine yote, yaliyouzwa Tabora, Mwanza na Dar es Salaam, hayana kishimo hicho.